Uenyekiti wa kijiji si cheo kidogo: Somo kutoka Muze

Sisi watu wa mjini tuna ugonjwa mmoja katika mambo ya siasa. Urais tunaujadili kila siku, ubunge kila baada ya miaka mitano, na uenyekiti wa kijiji tunaukumbuka pale tu tunapotaka barua ya utambulisho au tunapopigiwa simu kwamba shamba letu limeingiliwa. Kwenye vibaraza vya kahawa kuanzia Kariakoo hadi Ujiji utamkuta mtu anayeweza kukutajia mawaziri wote pamoja na wizara walizowahi kushika. Muulize mwenyekiti wa kijiji alikozaliwa baba yake ni nani. Hajui. Muulize kijiji hicho kimegawa ekari ngapi tangu yeye alipoondoka. Hilo nalo hajui.

Leo nataka tukizungumzie cheo hicho kinachodharauliwa, na nimechagua kukieleza kwa mfano wa Muze, katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Nimepachagua kwa sababu mbili. Kwanza nimeteremka huko mara nyingi kwa shughuli za mpunga, na nimekaa kwenye mikutano ya kijiji nikiwa msikilizaji asiye na kura. Pili, Muze ni mahali panapokua haraka, na mahali pa namna hiyo ndipo unapoona wazi kwamba uongozi wa kijiji unaweza kumtajirisha mtu mmoja na kuwaacha mamia bila shamba.

Kwa asiyepafahamu, mji wa Sumbawanga uko juu, kwenye uwanda wa Ufipa, kwenye baridi, mahindi, maharage na ulezi. (Wanaojua Sumbawanga kwa mizaha ya uchawi peke yake nawaomba radhi, leo hamna habari hiyo. Na jina lenyewe, kama wanavyolieleza wenyeji, maana yake ni kutupa uchawi, si kuufuga.) Ukipita Ntendo ukafuata barabara iendayo bondeni, unafika mahali ambapo ardhi inakatika. Gari linateremka ukuta wa bonde kwa kona baada ya kona, takriban mita 1,000 kwenda chini, na koti ulilovaa asubuhi unalivua. Hapo umeingia bonde la Ziwa Rukwa. Muze iko huko, pamoja na kata jirani kama Mtowisa, Milepa, Mfinga na Ilemba. Ziwa lenyewe halina mto unaotoka, hivyo hupanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mvua, na mito inayoshuka kutoka mlimani huleta rutuba na huleta mafuriko pia. Kunalimwa mpunga, mahindi na ufuta. Kuna malisho. Panapokuwa na maji, rutuba na malisho, watu hawasubiri kualikwa.

Tazama hesabu za sensa. Mwaka 2012, baada ya Katavi kumegwa, Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi, wakati nchi nzima ilitoka watu karibu milioni 44.9 kufikia 61.7, yaani kama theluthi moja na ushei. Wengine wamezaliwa hapo. Wengine wamekuja: Wafipa walioshuka kutoka juu ambako mashamba yamechoka, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini kwa miongo kadhaa sasa, Wanyamwanga kutoka kusini, na wafanyabiashara wa mazao kutoka kila pembe. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Wakati ule kuzitimiza kaya hizo katika sehemu nyingi za nchi ilikuwa kazi, hadi watu wakahamishwa kwa malori. Leo katika bonde kama lile la Rukwa shida imegeuka, kaya zinaongezeka kuliko madawati, kuliko visima na kuliko mashamba yaliyo karibu na maji.

Sasa hebu tuangalie mwenyekiti wa kijiji ana nini mkononi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mamlaka ya juu kabisa katika kijiji ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Chini yake ipo halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji vyote, na wanawake wasiopungua robo. Mwenyekiti huongoza vikao hivyo. Katibu wake ni mtendaji wa kijiji, na huyo ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Hapa ndipo wagombea wengi wanapochanganya mambo. Mwenyekiti si mwajiriwa. Hana mshahara wa serikali, hatunzi vitabu vya fedha, na hana ruhusa ya kuamua jambo peke yake chini ya mwembe kisha akaliita uamuzi wa kijiji.

Utasema basi ni cheo cha bure. Subiri kidogo.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo. Sheria hii iliweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, si kwa mkuu wa wilaya wala kwa mbunge. Ikaongeza kifungu ambacho natamani kingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji: halmashauri ya kijiji haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya mkutano mkuu iliyotangulia. Neno lenye uzito hapo ni "iliyotangulia". Mkutano uwe umekaa na kukubali kwanza, ndipo ardhi igawiwe. Kugawa kwanza na kuja kuwaeleza watu baadaye ni kuvunja sheria, hata kama karatasi ina muhuri na saini tatu.

Sasa chukua sheria hiyo uishushe Muze. Mgeni anafika na fedha mkononi, anataka ekari 40 karibu na maji. Sheria inasema mkutano mkuu. Lakini mkutano mkuu haujaitishwa mwaka mzima, kwa sababu mwenyekiti na mtendaji wake wanajua ukiitishwa watu watauliza mapato na matumizi. Basi jambo linamalizwa na watu wanne, mgeni anapewa karatasi, na miaka miwili baadaye mjane anayelima eneo hilo tangu enzi za mumewe anaambiwa ahame. Mjane anakwenda baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa sheria ile ile lina wajumbe saba na watatu kati yao ni wanawake. Baraza lile kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, mama aende kwenye kata, halafu aupande ule mlima hadi Sumbawanga, kwa nauli yake. Sisemi kwamba hayo yametokea kwa fulani. Nasema utaratibu ulivyo unaruhusu yatokee mahali popote ambapo mkutano mkuu umelala, na kadiri ardhi inavyopanda thamani ndivyo kishawishi kinavyokua.

Kwa hiyo anayegombea uenyekiti katika kijiji kinachokua anagombea funguo za ardhi. Ajue hivyo, na wapiga kura wajue hivyo.

Mwaka jana kijana mmoja wa Kizwite, pale Sumbawanga mjini, alinifuata baada ya swala ya Ijumaa. Ana mashine ya kukoboa mpunga bondeni na ekari kadhaa. Akaniambia, "Mzee wangu, nataka uchaguzi ujao nigombee uenyekiti kule. Watu wananifahamu, na mimi ndiye ninayewakopesha wakati wa kilimo." Nikamuuliza analala wapi. Akajibu kwamba familia iko mjini, bondeni huenda msimu wa mavuno. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe huna hata kura kule, achilia mbali kugombea."

Alishangaa, na nadhani wasomaji wengi wa mjini wenye mashamba vijijini watashangaa pia. Uchaguzi wa kijiji haufuati nani ana shamba, unafuata nani anaishi pale. Kwa kanuni zilizotumika katika chaguzi hizi, mgombea awe raia, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumpatia kipato, awe mkazi wa eneo hilo, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyedhaminiwa na chama hicho. Hata daftari la wapiga kura ni jingine. Kadi ya mpiga kura unayotumia kumchagua Rais na diwani haikuingizi kwenye uchaguzi wa kijiji. Kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, wakazi waliandikishwa upya katika vitongoji vyao kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Aliyedhani kadi yake inatosha akakaa nyumbani siku hizo kumi alijitoa mwenyewe.

Sheria ya ukazi ina busara ndani yake. Anayeamua zahanati ijengwe wapi awe ni mtu ambaye mtoto wake akipata homa usiku wa manane ataipeleka zahanati hiyo hiyo. Mwaka 2018 kipindupindu kilipolipuka katika bonde la Rukwa, aliyekuwa na nyumba Sumbawanga mjini alipanda gari akaondoka. Waliobaki ni wale wanaochota maji mtoni. Hao ndio wenye haki ya kuchagua nani asimamie kisima na vyoo.

Ipo njia ya mkato ambayo watu wa mjini huipenda, nayo ni kumweka mtu wako. Humgombei mwenyewe, unamtafuta kijana wa pale, unamlipia gharama, akishinda anakuwa mwenyekiti wa kijiji lakini maagizo yanatoka kwako kwa simu. Hili nimeliona likisifiwa kuwa ni akili. Kwangu mimi ni wizi wa kura za wanakijiji, na kwa bahati mbaya kwa wenye mipango hiyo, kijiji ni mahali padogo. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu anajua simu inapigwa kutoka wapi.

Tuje kwenye suala la chama, maana hapa pana mjadala wa muda mrefu. Mtu mwema, anayekubalika na wanakijiji wote, asiyetaka chama chochote, hawezi kugombea. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994, ikampa tena mwaka 2006. Katiba ilikuwa imebadilishwa katikati ili kuziba njia, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo Juni 14, 2013 ikaamua kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona uamuzi huo ukitekelezwa. Ubishi wa mahakamani ulikuwa juu ya urais, ubunge na udiwani, lakini mimi nadhani mahali ambapo mgombea binafsi angefaa kuliko kote ni kijijini. Kisima kina chama gani? Mafuriko yanapobomoa daraja yanauliza kadi?

Wazee wa Ufipa hawakuwa wageni wa jambo hili. Roy Willis, mtafiti Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960 na kuandika vitabu juu ya historia yao, alieleza jinsi wanakijiji wenyewe walivyokuwa na sauti katika kumpata mkuu wa kijiji chao, kabla ya mkoloni na kabla ya chama chochote. Tumepata katiba na sheria nyingi tangu hapo, na upana wa uchaguzi kijijini umekuwa mwembamba.

Wala nisikudanganye, msomaji, kwamba uwanja uko sawa kwa vyama vyote. Chaguzi hizi huandaliwa na wizara yenye dhamana ya TAMISEMI, siyo Tume ya Uchaguzi. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliitaja kazi hiyo miongoni mwa kazi za Tume, lakini kwa utaratibu ambao ungewekwa na sheria nyingine, na uchaguzi wa mwaka huo ukaendeshwa na TAMISEMI kama kawaida. Mwaka 2019 wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa kwa madai ya makosa katika fomu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na CCM ikatangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Oktoba 29, 2025 tukawa na uchaguzi mkuu, wa madiwani ukiwemo, ambao CHADEMA haikushiriki na ambao uliambatana na maandamano na umwagaji damu. Mtu aliyesoma habari hizo akisema hana hamu ya kugombea chochote, siwezi kumlaumu.

Hata hivyo nina maneno mawili kwa mtu huyo.

La kwanza, katika vijiji vingi mashindano yenyewe yamehamia ndani ya kura za maoni za chama kimoja. Hiyo si demokrasia niliyofundishwa shuleni, lakini ndiyo iliyopo, na anayetaka kujua kwa nini mwenyekiti fulani amepatikana aangalie miezi mitatu kabla ya siku ya kupiga kura. Huko ndiko fedha hugawiwa, na huko wananchi wasio wanachama hawana neno.

La pili ni kuhusu fomu. Dhuluma ipo, lakini isitufanye tuwe wazembe. Fomu ijazwe jina kama lilivyoandikwa kwenye orodha ya wakazi, jina la chama kwa urefu wake, kitongoji sahihi, na pale panapouliza kazi paandikwe kazi inayoeleweka. Mkulima aandike analima nini na wapi. Abaki na nakala, airudishe mapema akiwa na shahidi, na siyo saa ya mwisho wakati mlango wa ofisi unaweza kukutwa umefungwa. Akienguliwa akate rufaa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa hata kama anajua matokeo, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo ushahidi pekee atakaokuwa nao mahakamani. Nimewaona watu wakilalamika redioni kwa hamasa kubwa na ukiwaomba nakala ya rufaa hawana.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote Muze na bonde zima, nalo ni mkulima na mfugaji. Kila mgombea atakutana nalo kabla hajamaliza salamu. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga. Mfugaji anasema njia ya kupeleka mifugo majini imelimwa. Mkulima anasema njia haijawahi kuwepo. Na kwa kuwa wakulima wengi ni watu wa lugha moja na wafugaji wengi ni watu wa lugha nyingine, ugomvi wa shamba unageuka haraka kuwa ugomvi wa wenyeji na wakuja.

Mgombea mvivu hapo ameshapata ajenda. Anasimama jukwaani na kuahidi kuwaondoa wageni. Anapigiwa makofi, anashinda, na siku ya pili anagundua kwamba wale aliowaita wageni nao ni raia, wameishi pale miaka 20 au 30, watoto wao wamezaliwa pale, wanapiga kura pale, na hakuna sheria inayompa uwezo wa kuwaondoa. Anachoweza ni kuwatoza faini. Basi anatoza, leo ng'ombe wawili, kesho watatu, risiti hakuna. Mfugaji akishalipa mara nne anaona kwamba amenunua haki ya kulisha, na mkulima anaona kwamba mwenyekiti wake amenunuliwa. Tangu hapo hakuna anayeripoti tena kwa mwenyekiti. Wanamalizana wenyewe.

Kumalizana wenyewe tunakujua kunakoishia. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Yalianza kama mengine yote yanavyoanza, kwa mifugo na mashamba, na kwa viongozi wa karibu ambao hakuna upande uliokuwa ukiwaamini. Mambo ya Kilosa hayakuwa ya tabia ya Wamasai wala ya wakulima wa Morogoro. Yanaweza kutokea popote ambapo watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki, na mwamuzi amekula.

Kuna njia ya kisheria. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, inakipa kijiji uwezo wa kuandaa mpango wake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa njia ya mifugo, hapa akiba kwa watoto watakaozaliwa. Mpango lazima upite kwenye mkutano mkuu. Ni kazi ya kuchosha, inahitaji wataalamu wa wilaya na fedha ambazo mara nyingi hazipo, na mwisho wake kila upande unapata pungufu ya ulichotaka. Mgombea atakayesimama Muze akasema mbele ya wakulima na wafugaji wakiwa wamekaa pamoja, "Nikichaguliwa nitaitisha mkutano wa mipaka na kila mmoja wenu atakosa kitu," huyo mimi nitamwamini kuliko anayeahidi kila kitu kwa kila mtu. Huenda akashindwa. Wanasiasa wenye uzoefu wataniambia hakika atashindwa. Sina hakika kama wao. Watu wa bonde wameshachoka kulala na panga mlangoni wakati wa mavuno.

Suala la wanawake halina maneno mengi kwangu. Robo ya viti iliyowekwa na sheria imefanywa kuwa dari wakati ilikusudiwa kuwa sakafu. Wanaopandikiza mpunga na kuupalilia wakiwa ndani ya maji hadi magotini, kwa sehemu kubwa, ni kina mama. Wakifika mkutanoni wanaketi nyuma. Mgombea mwanamke wa uenyekiti ataambiwa hawezi kwenda kuamua ugomvi usiku. Nauliza, hao wanaume wanaoamua usiku wameamua nini mpaka sasa?

Na fedha. Wakubwa wanakumbuka neno "takrima". Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha takrima Aprili 2006 baada ya mashirika ya haki za binadamu kwenda mahakamani. Sheria ilikufa, desturi ikabaki. Kijijini haihitaji mamilioni. Ni ng'ombe mmoja, debe la mchele, vitenge kadhaa, na deni la mbegu lililosamehewa wiki ya kampeni. Yule kijana wa Kizwite aliponiambia kwamba yeye ndiye anayewakopesha, nilimuuliza kama siku ya kupiga kura wadeni wake watakuwa huru. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, sikulifikiria hilo." Mkopeshaji mkuu wa kijiji akiwa ndiye mwenyekiti, nani atasimama mkutanoni kumuuliza mapato na matumizi?

Wapo ndugu ambao tatizo lao ni jingine. Wanauliza kama inafaa Muislamu kwenda kuomba uongozi, ilhali Mtume (s.a.w.) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiuombe. Masheikh wameshalieleza jambo hili, nao huutaja pia mfano wa Nabii Yusuf (a.s.), aliyeomba apewe usimamizi wa hazina ya Misri kwa kuwa alijua anaweza kuilinda. Mimi si mwanachuoni, siingii zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba Ufipa wengi ni Wakatoliki, kazi ya mapadri tangu karne ya 19, na Waislamu wa bondeni ni wachache. Anayekwenda kugombea kule kama mgombea wa msikiti atashindwa, na atastahili kushindwa. Zahanati, kisima na mpaka wa malisho havina dhehebu. Mwanakijiji Mkatoliki anataka kujua jambo moja tu juu ya jirani yake Muislamu anayegombea: hiki kitabu cha risiti utakifungua au utakifunga?

Hilo la risiti ndilo la kuanzia siku ya kwanza ofisini. Kijiji hakina kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Kina kile kinachorejeshwa na halmashauri ya wilaya, michango ya wananchi, ada ndogo ndogo, faini, na mara nyingine malipo ya ardhi. Katika kijiji kinachokua fedha hizo si haba, na nyingi hazipiti benki. Mwenyekiti mpya amwombe mtendaji taarifa ya robo mwaka iliyopita kwa maandishi, aibandike ukutani kabla ya mkutano mkuu, kisha aitishe mkutano kwa tarehe iliyopangwa hata kama mvua imenyesha. Akikuta hakuna taarifa, aseme hakuna taarifa. Asiseme anafuatilia.

Nilimwambia yote hayo yule kijana, na nikaongeza kwamba uchaguzi wa vijiji hufuata miaka mitano mitano, hivyo baada ya ule wa 2024 unaofuata ni 2029. Ana muda. Mwezi uliopita nilisikia kwamba amepanga nyumba karibu na mashine yake, watoto wameandikishwa shule ya huko huko bondeni, na mkewe analalamikia joto na mbu. Kwenye mkutano mkuu wa kwanza aliohudhuria akiwa mkazi alinyoosha mkono kuuliza habari ya fedha za kisima, akaambiwa muda umekwisha.